Gemu za himaya za kale zinamfunza nini kijana wa Malindi?

Kijana wa Malindi aliyezoea gemu ya kompyuta ya Age of Empires II anaweza kukueleza, bila kufungua kitabu, kwa nini Bizanti walijenga kuta nene na kwa nini Wamongolia walitegemea farasi. Atakwambia pia kwamba jeshi haliundwi kwa panga tu, chanzo chake ni shamba na msitu. Muulize sasa kwa nini mtawala wa mji wake aliwapokea Wareno wa Vasco da Gama mwaka 1498, siku chache tu baada ya Wareno hao kuondoka Mombasa wakiwa na uhasama na wenyeji, na mara nyingi hatakuwa na jibu.

Hapo ndipo maoni yanapogawanyika. Wako wanaosema gemu hizi ni darasa la historia ambalo vijana wanalifuata kwa hiari yao, jambo adimu. Wako wanaosema zinawazoesha watoto wa pwani kuitazama dunia kwa macho ya mvamizi. Nimezicheza, nimekaa na vijana wanaozicheza, na naziona hoja zote mbili kuwa za kweli. Ila hazigusi jambo moja, na ndiyo maana inafaa kuzipima moja moja.

Iko pia hoja kwamba gemu ni kupoteza wakati; hiyo naipita haraka. Mji uliolea wachezaji bao kwa vizazi hauwezi kuushangaa mchezo wa mkakati. Bao lina kete 64 na mashimo 32, na mzee anayeilinda nyumba yake huku akiusubiri mtaji anafanya hesabu ndefu kuliko ile inayofanywa na wengi kwenye kompyuta. Tofauti iko kwingine: bao halidai kusimulia habari za taifa lolote. Gemu ya himaya inadai. Inataja majina ya watu waliokuwepo, miaka na vita vilivyopiganwa, kwa hiyo ina deni la ukweli ambalo bao halina.

Wala kupenda visa vya himaya za mbali si jambo geni huku. Mwaka 1728, kule Pate, Bwana Mwengo alitunga utenzi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Herekali, yaani mfalme Heraclius wa Bizanti aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Watu wa visiwa vya Lamu walikuwa wakisikiliza mikakati ya Bizanti kwa Kiswahili kabla hata ya kompyuta kuwaziwa. Anayesema kijana wa leo ameacha yake kwa sababu anajishughulisha na Bizanti amesahau kwamba Bizanti iliingia katika fasihi yetu zamani sana.

Gemu yenyewe inafundisha vipi? Katika Age of Empires II unaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja na jengo la kati la mji. Ramani iliyobaki ni nyeusi mpaka umtume mtu akaione. Kuna mali za aina nne: chakula, mbao, dhahabu na mawe. Ukikimbilia kuunda askari kabla ya mashamba, utakuwa na jeshi zuri kwa muda mfupi kisha utaishiwa. Ukikaa unalima tu, jirani atakukuta huna ukuta. Ukitaka kuvuka kutoka zama moja kwenda nyingine, unalipa chakula, na baadaye dhahabu pia, mali ambazo ungeweza kuzitumia kujilinda leo. Kila uamuzi unakula uamuzi mwingine. Somo la historia shuleni huwa linawapa wanafunzi orodha ya wafalme na miaka ya vita. Mara chache linawakalisha kwenye kiti cha anayeamua huku hajui kilicho nyuma ya ule weusi wa ramani.

Kwangu hii ndiyo hoja kubwa ya kuzitetea gemu hizi, na inapata nguvu zaidi ukiirudisha Malindi. Mwezi Aprili 1498 mfalme wa Malindi alikuwa na jirani mwenye nguvu, Mombasa, ambaye walikuwa wakigombania biashara na heshima ya pwani. Zikatokea meli za wageni wenye mizinga, ambao tayari wameshagombana na jirani huyo. Ufanyeje? Kuna watu wanaolizungumzia tendo la mfalme yule kama usaliti, na kuna vijitabu vya utalii vinavyolisifu kama ukarimu. Kijana aliyecheza raundi nyingi haoni usaliti wala ukarimu. Anaona mji mdogo uliopata mshirika dhidi ya mji mkubwa, kwa bei ndogo: vyakula, maji na rubani aliyeijua njia ya Calicut. Mtu akishaielewa hesabu ile, ataitazama ile nguzo ya Vasco da Gama ufukweni kwa maswali, si kwa kupigia picha tu. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumfikisha mtoto wa miaka kumi na nne kwenye maswali hayo.

Lakini hapo hapo gemu inaanza kupunguka, na upungufu wake wa kwanza uko baharini. Meli za kwenye kompyuta zinakwenda popote, wakati wowote, kwa mwendo ule ule. Rubani wa Malindi aliwafikisha Wareno pwani ya India chini ya mwezi mmoja, kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa unaanza. Waliporudi hawakuungoja msimu wao. Kuvuka bahari ile ile kuliwachukua karibu miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, na walipofika upande wetu mapema mwaka 1499 hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael. Maisha yote ya miji yetu yalipangwa na pepo mbili za msimu, kusi na kaskazi. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alilazimika kukaa hadi upepo ugeuke, na katika kukaa huko alipanga nyumba, alikopesha, alioa, alisali msikiti mmoja na wenyeji. Ukiuondoa upepo, unabaki na swali moja tu: nani ana meli nyingi za vita. Swali hilo Wareno walilijua kuliko sisi, na gemu inamfundisha mtoto kuliuliza hilo peke yake.

Upungufu wa pili una jina na mwaka. Mwaka 2015 ilitolewa nyongeza ya gemu hiyo iitwayo The African Kingdoms. Iliongeza mataifa manne: Waberiberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Waswahili hawamo miongoni mwa hayo manne. Ndiyo, Wareno wameingia katika falme za Afrika na Kilwa imekosa. Kampeni ya Wareno inamfuata Francisco de Almeida, na unayemwongoza ni yeye. Huyu ndiye aliyeivamia Kilwa mwaka 1505 kisha akaipora na kuichoma Mombasa. Sisemi kampeni ya namna hiyo ifutwe. Mtu anaweza kujifunza mengi akikaa upande wa mvamizi, ikiwa kuna siku atakaa upande wa pili pia. Siku hiyo nyongeza ile haikuileta.

Na kuna jengo moja la Wareno humo ambalo linanikera kuliko kampeni nzima. Linaitwa Feitoria, yaani kituo cha biashara. Ukishalijenga, linatoa chakula, mbao, dhahabu na mawe lenyewe, pole pole, bila mwanakijiji hata mmoja kuinama. Kwa anayetafuta ushindi ni kifaa kizuri. Kwa anayetafuta historia, kila kitu kimegeuzwa. Mali iliyoingia katika vituo vya Wareno ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa kutishia kuupiga mji. Mwaka 1505 wakajenga ngome Sofala ili kuikamata biashara ya dhahabu iliyokuwa ikiendeshwa na wafanyabiashara wa Kiislamu wa pwani. Kwenye kompyuta dhahabu inachipuka sakafuni, na hakuna mji uliopungukiwa. Mtoto anaweza kukua akiamini kwamba himaya hutajirika kwa sababu ilijenga jengo zuri.

Nataja kidogo mfululizo mwingine, Civilization, kwa sababu una jambo la ajabu. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, wa Christopher Tin, ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Katika toleo hilo lugha yetu ndiyo inayokukaribisha, ila taifa la Waswahili la kulichezea halimo. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, Zanzibar ni mji-dola unaompa rafiki yake mdalasini na karafuu hata enzi za kale, ilhali mashamba ya karafuu ya Unguja ni ya karne ya 19. Kuitwa mji-dola si tusi. Miji yetu haikuwa himaya, na hilo ni kweli tupu. Kasoro ni kwamba mji-dola katika gemu ile hauchezwi. Unatumiwa wajumbe na wakubwa wanaoshindana juu yake.

Upungufu wa tatu ndio ninaouona mzito kuliko yote, na unawahusu wale wanakijiji watatu wa mwanzo. Hawachoki. Hawakatai. Ukimwamuru akate mti mpaka mwisho wa dunia, atakata. Sasa fikiria Malindi ya karne ya 19, ilipofufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar na kuwa ghala la nafaka la pwani. Mashamba yale ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa. Wengi walitoroka, na watoro wakaanzisha makazi yao wenyewe bara, Fuladoyo likiwa mojawapo. Nusu karne baadaye Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wakawafanyie kazi, na kodi juu yake, Mekatilili wa Menza alizunguka akiwaapisha watu wasikubali. Alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka, akarudi. Mwaka 1914 nchi ya Wagiriama ikaingia vitani.

Huo nao ni mkakati. Kumnyima mtawala mikono ya kazi ni kuupiga uchumi wake mahali ambapo gemu yenyewe inafundisha kwamba ndipo penye uhai wa dola. Gemu inakufundisha uzito wa mwanakijiji, kisha inamnyima mwanakijiji uwezo wa kuujua uzito wake. Mtoto wa Kigiriama au wa Kiswahili anayecheza anawaamuru watu ambao, kama angeishi zama zile, pengine wangekuwa babu na bibi zake, na hakuna sekunde moja ambapo kompyuta inamwambia kwamba wangeweza kusema hapana.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama na gemu, lakini si kwa sababu hoja za upande wa pili ni dhaifu. Zina nguvu sana. Ninachokiona ni kwamba kasoro zote nilizozitaja zinatokana na kuchagua kiti kimoja cha kukalia, kiti cha mtawala, na ujuzi wa kuhesabu anaoupata mtoto kwenye kiti hicho hauharibiki akihamia kingine. Anayejua kuhesabu gharama za kuta atauelewa uasi wa 1914 kuliko aliyekariri tarehe yake. Ukimpokonya gemu, humpi Mekatilili badala yake. Unamrudisha kwenye mpira wa PlayStation, ambao hauna historia yoyote.

Kinachotakiwa ni kumhamisha kiti, na kifaa kipo ndani ya gemu yenyewe. Age of Empires II inamruhusu mchezaji kutengeneza ramani zake na kuziwekea vichochezi: jambo fulani likitokea, au muda fulani ukipita, jingine lifuate. Vijana wachache na mwalimu mmoja wa historia wanaweza kutengeneza Malindi ya 1498. Kaskazi inawezekana: muda ukifika, majahazi yazaliwe ukingo wa mashariki yakiwa na dhahabu, na muda ukipita yasionekane tena. Utoro unawezekana pia, kwa sababu kuna kichochezi cha kubadilisha mwenye mali. Mashamba yakizidi idadi fulani, baadhi ya wanakijiji waache kuwa wako.

Kigumu ni masharti ya ushindi. Malindi ilimchagua mshirika ambaye baadaye alimpa ngome jirani yake. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakamweka mtawala wa Malindi juu ya Mombasa, na Malindi yenyewe ikaanza kufifia. Mwaka 1631 mtu wa ukoo huo huo, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno Goa na kubatizwa Jerónimo, akaiteka ngome ile kutoka mikononi mwao. Gemu ya kawaida ingemtangaza mfalme wa 1498 mshindi pamoja na mshirika wake na kufunga skrini. Wanaotengeneza ramani hiyo watalazimika kuamua saa ngapi waisimamishe: wakati meli zinatweka kwenda Calicut, wakati jiwe la kwanza la Fort Jesus linawekwa, au siku ile ya 1631. Wabishane hapo, na wasikubaliane upesi.