Kinanda Chini ya Magunia ya Mahindi

Jumapili iliyopita nilisali katika kanisa la Kianglikana la kijijini kwetu, wilayani Ludewa, nikakuta mahali pa kinanda cha kukanyaga pamesimamishwa spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Kinanda chenyewe nilionyeshwa baada ya ibada: kimo stoo, chini ya magunia matatu ya mahindi ya sadaka ya mavuno, na panya wamekwisha kuzaliana ndani yake.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwa upole kwamba kimepitwa na wakati. Kwa heshima yake nilinyamaza, hapa sinyamazi. Kimepitwaje na wakati chombo kinacholia bila umeme, katika kijiji ambako mvua kubwa ikianza tu tunasoma zaburi kwa tochi ya simu? Jumapili hiyohiyo umeme ulikatika katikati ya wimbo wa matoleo, na kinanda kipya cha umeme kinacholia kwenye spika zile, pamoja na midundo yake yote iliyopangwa kiwandani, kikawa bubu kama meza.

Wanaokidharau kile cha kukanyaga hawajawahi kukiona kikiwa wazi. Mimi nilimshikia taa marehemu mwalimu wa kwaya alipokifungua, nami nikiwa mvulana. Ndani mna ndimi nyembamba za shaba, kila ulimi na sauti yake, mrefu kwa sauti nzito na mfupi kwa sauti ya juu. Ukikanyaga, mvukuto unavuta upepo, na upepo ukipita kwenye ulimi unautetemesha. Basi. Hakuna humo kinachomshinda seremala na fundi viatu wakiwa na gundi nzuri. Mvukuto ulikuwa umepasuka. Mwalimu alikata kiraka cha ngozi ya mbuzi, akakibandika, akakigandamiza kwa tofali usiku kucha, na Krismasi ile tuliimba.

Huko Uingereza, walikotoka wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Kianglikana, waliotuletea ibada hii, kanisa la kijijini haliruhusiwi kuondoa kinanda chake cha mabomba bila kibali cha dayosisi. Sisi tulihitaji kikao kimoja na mkokoteni.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba vijana wanakipenda kile kipya na kwamba kinabebeka hadi msibani.

Kabla ya kuondoka niliyasogeza magunia, nikakanyaga. Vumbi lilitoka, panya akachomoka, kisha do ya katikati ikalia, imekwaruza lakini ni yenyewe. Fundi viatu nimekwisha kuzungumza naye. Ninachosubiri ni ufunguo wa stoo, ambao katibu anasema uko kwa mtu aliyesafiri.