Ilikuwa sare, si suluhu

Mchezo wa meza ya kwanza kwenye mashindano ya sataranji hapa Arusha uliisha bila mshindi, nusu pointi kwa kila mmoja, na kwenye mabenchi ya wacheza drafti hukumu ikatoka papo hapo: wamepatana hao.

Mpenzi wa soka anajua kwamba kwenye suluhu nyavu hazikuguswa, ila kwenye sare kila mmoja amefunga na amefungwa. Huu ulikuwa sare. Ulianza kwa gambiti ya malkia iliyokataliwa, ufunguzi wa kale ambao mwenye kete nyeusi anaridhia askofu wake mmoja afungiwe nyuma ya askari wake mwenyewe, mradi katikati ya ubao pasibomoke. Kijana wa kete nyeusi alihangaika saa nzima kumtafutia askofu huyo mlango, na ulipopatikana ulimgharimu askari. Zikabaki ngome moja moja, mpinzani akiwa na askari wa ziada. Kijana akaitandaza ngome yake mstari wa tatu kutoka kwake, mfalme mweupe asivuke. Askari mweupe alipoingia kwenye mstari huo, ngome ikakimbilia mwisho wa ubao na kumwandama mfalme kwa nyuma. Ulinzi huu aliuonyesha Mfaransa Philidor karne ya 18. Nafasi ileile ikajirudia mara tatu, na kwa sheria anayedai sare hapo anapewa. Hapo walipatana wapi?

Walalamikaji wana hoja, nakiri. Zipo sare za hatua kumi na tano, watu wanapeana mikono kabla kete hazijakutana, na waandaaji wanaruhusiwa kuzuia makubaliano kabla ya hatua fulani, tuseme ya 30. Wazuie.

Ila kutaka sare ishushwe thamani, ushindi upewe pointi tatu kama kwenye soka, hapo nasita. Mwaka 1927, Buenos Aires, Mrusi Alekhine na Mkuba Capablanca, bingwa wa wakati huo, walicheza michezo 34 kuwania ubingwa wa dunia, 32 kwa ufunguzi huuhuu. Sare zilikuwa 25. Ishirini na tano! Kuanzia mchezo wa 13 hadi wa 20 hakuna aliyeshinda, sare nane mfululizo. Wa 21 Alekhine akashinda, na mwishowe akatwaa taji kwa mtu ambaye kabla ya pambano hilo hajawahi kumfunga hata mara moja. Mimi naamini bingwa alichoshwa na zile nane.

Karatasi ambayo kijana wetu aliandikia mchezo ina hatua 74. Anayesema walipatana aichukue, apange kete, atuonyeshe ni hatua ipi.