Unravel sio ya wapelelezi peke yao

Mpwa wangu kaniletea karatasi yake ya mtihani wa Kiingereza hapa Lamu, nikapandwa na mori. Mtoto kaandika kofia ya babu yake "is unravelling", yani uzi unafumuka pale ukingoni, sentensi safi kabisa, mwalimu kamkosesha kwa wino mwekundu na kuandika pembeni ati hilo ni neno la mafumbo na wapelelezi.

Jamani! Hilo neno limezaliwa kwenye nyuzi. Ravel Waingereza waliitoa kwa Waholanzi, na huko ni nguo kuchambuka nyuzi, wapelelezi wamekuja kudandia baadaye.

Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Kiswahili lugha yake ishampa jibu lote. Unafuma, unafumua. Unafumba, unafumbua. Ukikosea safu ya vishimo kwenye kofia unafumua, kitendawili unakifumbua. Mzungu zote mbili kaziita unravel, basi we angalia tu kilichoko mbele yako ni uzi ama ni siri. Tena Kiingereza hakina ile fumuka yetu, uvute uzi kwa mkono wako ni unravel, uzi utoke wenyewe ni unravel vilevile. Ndo maana wanasema hata mpango ume-unravel: hakuna aliyeuvunja, umeanza kulegea hapa, mara pale, mwisho hakuna mpango. Sio kama kocha akifumua kikosi, yule anafanya makusudi (na mara nyingi anaharibu, ila hayo tuyaache).

Kichekesho ni ravel yenyewe. Maana yake kutatiza, na maana yake pia kutatua! Neno na kinyume chake wamelala kitanda kimoja, halafu ukiweka un- mbele inabaki ileile ya kutatua. Sisi funga na fungua hazijawahi kutuletea vituko hivyo wallahi.

Haya, shingo upande nakubali, magazetini utaikuta zaidi kwenye kesi na siri, na mwalimu ana rundo la karatasi za kusahihisha. Lakini kamusi si iko kwa simu? Na mtaani mwenyewe anapita kila siku mbele ya watu wanaoshona kofia barazani!

Na wale wa herufi msinijie juu: Uingereza unravelled ni l mbili, Marekani unraveled ni moja, zote sawa. Kwenye mtihani wa hapa we tia mbili usitafute ugomvi.