Someni habari kwanza jamani
Habari inasema Uingereza imezuia dawa za kusimamisha balehe kwa watoto trans (wanaojiona si wa jinsia waliyozaliwa nayo) walio chini ya miaka 18, nyie humu kwenye comments mnaandika eti watoto wanakatwa viungo vya uzazi, nani kakatwa?? NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huko, haifanyi oparesheni hizo kwa mtoto na kumwona tu daktari foleni ni ya miaka. Ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass ya 2024 ilisema ushahidi wa hizo dawa ni dhaifu, sawa, ila ilisema pia hawa watoto wahudumiwe kwa heshima, hapo mmeparuka. Mi nafanya kazi jikoni shule moja huku, kuna mwanafunzi mmoja trans alikuwa hanywi maji kutwa nzima maana choo chochote akienda anazomewa, mwalimu akampa ufunguo wa choo cha staff yakaisha, wala haikugharimu hata senti