Nani Atafungua Madaftari ya Mtoto Anayesomea Nyumbani?

Ninaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na tangu mwaka 2021 ninamfundisha binti yangu nyumbani. Ndugu zangu wa Tanga bado wananishangaa, kwa kuwa kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto shule ya msingi, na anayekaidi anaweza kufuatwa na mtendaji wa kijiji na hata kufikishwa mahakamani.

Nilipoanza, Ohio nayo ilifuatilia. Nilimpelekea mkuu wa elimu wa wilaya muhtasari wa masomo na orodha ya vitabu, nikaahidi saa 900 za masomo kwa mwaka, nikathibitisha kwamba nimemaliza sekondari. Na mwaka ulipokwisha ilinipasa kuwasilisha matokeo ya mtihani au maelezo ya mwalimu mwenye leseni aliyepitia kazi za mtoto. Tangu tarehe 3 Oktoba 2023 masharti hayo yameondolewa. Imebaki taarifa ya kila mwaka yenye majina, anwani na ahadi ya kufundisha masomo yanayotajwa na sheria, kama vile Kiingereza, hisabati na sayansi, nayo wilaya inajibu ndani ya siku 14 kwamba imeipokea.

Wazazi wenzangu walishangilia, nami sisikitiki kwamba hesabu ya saa na orodha ya vitabu zimefutwa, kwani hazikumfunza mtoto chochote. Ninachosikitikia ni ule upimaji. Mwaka wa kwanza mwalimu alifungua madaftari ya binti yangu, akamuuliza maswali machache, kisha akaniambia kwa upole kwamba anasoma vizuri sana, lakini katika hesabu haelewi sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, anakariri tu hatua nilizomwonyesha. Mimi niliyeketi naye kila asubuhi sikuwa nimeliona hilo.

Siisifu Tanzania kupita kiasi, maana mtoto anaweza kuandikishwa kama sheria inavyotaka, kisha akapotea katika darasa lenye wanafunzi zaidi ya mia moja. Hata hivyo, akifika darasa la nne anakutana na upimaji wa kitaifa. Uhuru niliopewa Ohio ninauthamini na nisingependa uondolewe. Ninachowaomba wabunge wa jimbo ni kwamba mwalimu mwenye leseni, asiye ndugu wa mtoto, aketi naye mara moja kwa mwaka na kumsikiliza akisoma. Mzazi anayefundisha kwa bidii atapoteza alasiri moja tu, ilhali kwa mtoto asiyefundishwa kabisa huenda hiyo ikawa nafasi yake pekee ya kuonekana.

Yule mwalimu bado ninamwalika kila mwezi wa Mei, ingawa sheria hainidai tena.