Mzazi anayekataa amali msimwite ana kasumba

Siku hizi kikao chochote cha wazazi, kiwe hapa Tanga mjini au Muheza au Pangani, neno amali likitajwa tu watu wanagawanyika. Wako wanaosema serikali imepatia, tumezalisha vijana wenye vyeti wasioweza hata kubadilisha soketi, na sasa tangu Januari 2024 kidato cha kwanza kina mikondo miwili, jumla yaani masomo ya kawaida, na amali yaani masomo pamoja na fani ya ufundi, basi tushukuru. Na wako wanaosema haya ni sawa ila mwanangu mimi nataka asome jumla. Hawa wa pili ndo wanasemwa vibaya kila mahali, ati wana kasumba ya mkoloni, wanapenda tai na kiyoyozi, wanadharau kazi ya mikono.

Mimi sera hii naiunga mkono. Ila hao wazazi naona hawajasikilizwa vizuri, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo naona wana hoja kuliko wanaowasema.

Serikali nayo ipewe haki yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, ile aliyoizindua Rais Samia Dodoma mwanzoni mwa 2025, haijasema popote kwamba amali ni ya waliofeli. Mtoto wa amali anasoma fani yake na masomo mengine pia, anapimwa na NECTA, baraza la mitihani, anapimwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na akifaulu njia ya kwenda juu haijafungwa. Vyuo navyo vimejengwa, vile 25 vya wilaya vya VETA, mamlaka ya ufundi stadi, halafu ukaja mradi wa vingine 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Ada ya VETA ya kozi ndefu ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, hela ambayo wazazi wengi wanaimaliza kwenye tuisheni kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo anayesema serikali haina nia kabisa mi simuelewi.

Sasa twende Makorora, mtaa wa hapa Tanga mjini. Kuna fundi mmoja wa kuchomelea pale, karakana yake ni mabati manne na mti wa mwarobaini, anatengeneza mageti, madirisha na keria za bajaji. Miwani yake ya kuchomelea imepasuka pembeni ameifunga kwa plasta. Pembe ya geti anaiweka kwa jicho kwanza, anagonga pointi mbili, ndo anachukua skweya kuhakikisha, na skweya ikikaa haipiti hata wembe. Hakuna mtu mtaani anayemdharau, wenye nyumba wanamsubiri wiki nzima. Tulipokuwa tunaongea habari za amali akaniambia, "Kaka, kazi hii imenijengea nyumba, nitaidharauje? Lakini lilipokuja bomba nikaulizwa cheti. Sasa mwanangu akitoka na hicho cheti cha amali, nani atakisoma?" Mtoto wake amempeleka jumla.

Bomba alilosema ni lile la mafuta ghafi linalotoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Mshono wa bomba kama lile unapigwa picha ya mionzi mpaka ndani, na hauruhusiwi kupita mkono wa mtu ambaye hajapimwa na kuthibitishwa kwa kiwango hicho, na hapo hakuna aliyeonewa, mafuta yakivuja hasara ni ya wote. Upo pia utaratibu wa serikali wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani kupitia VETA, ni jambo jema sana. Lakini sikiliza swali la yule fundi tena. Hajauliza kama mwanawe atachafuka mikono. Kauliza cheti kina uzito gani mbele ya mwajiri, na hilo ni swali la mtu anayepiga hesabu.

Na hesabu hizo Tanga tunazo za muda mrefu. Shule ya Wajerumani hapa mjini, tangu miaka ya 1890, ilifundisha useremala na uchapaji, gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa kuanzia 1904. Shule hiyohiyo ilitoa makarani, na kila mtu aliona karani anakula wapi na seremala anakula wapi. Ikaja Elimu ya Kujitegemea 1967, wazo zuri mno la Mwalimu Nyerere, ila kwenye shule nyingi likaishia kwenye jembe. Ikaja michepuo miaka ya sabini, kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Vikaja vyuo vya maendeleo ya wananchi kuanzia 1975, vikafika 54, Handeni kipo na kijiji cha Kiwanda kule Muheza kipo. Shule za ufundi za sekondari, Tanga, Moshi, Ifunda, Mtwara, waliopita huko zamani wanazitaja kwa fahari mpaka leo. Kila mara serikali ilianza kwa nguvu, kisha mashine zikazeeka, vifaa vya mazoezi vikakosa fungu, mwalimu akafundisha lathe, mashine ya kukereza vyuma, kwa kuichora ubaoni. Babu aliyeyaona hayo leo ana mjukuu kidato cha kwanza. Unamwambia safari hii ni tofauti, anakuuliza tofauti yake nini? Mjibu.

Hapo ndo nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea anailipa juu ya mishahara yote anayotoa. Jina lake linasema wazi ni ya ujuzi, lakini kwenye mgawanyo theluthi moja ndo inakwenda VETA, theluthi mbili zinaingia mfuko mkuu wa serikali, na humo zimekuwa zikisaidia mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Chukua kiwanda hapa Tanga kinacholipa mishahara ya milioni 90 kwa mwezi. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, kilichoanza Julai 2023, kinatoa 3,150,000. Ya VETA hapo ni 1,050,000, hizo 2,100,000 zinakwenda kwingine. Na zamani kiwango kilikuwa asilimia 6, waajiri wakalalamika miaka na miaka kwamba ni mzigo, na walikuwa na haki, kikashushwa kidogokidogo mpaka hiyo 3.5. Ila piga hesabu ya upande wa pili, mishahara ileile ya milioni 90, theluthi ya asilimia 6 ilikuwa 1,800,000. Yaani mwajiri alipopunguziwa, fundi naye alipunguziwa palepale, wakati ungeweza kumpunguzia mwajiri ukaigusa ile sehemu ya theluthi mbili tu na ya VETA ikabaki kama ilivyo.

Sisemi mtoto wa chuo kikuu asikopeshwe, wengi wao ni watoto wa wakulima wa machungwa na mkonge, bila mkopo wangekuwa nyumbani. Mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ikashushwa mpaka stashahada kwa baadhi ya fani, uhandisi na afya zikiwemo, nilifurahi kwa kweli. Lakini mpango ule ulianzia stashahada, haukushuka mpaka ngazi ya ufundi stadi. Kwa hiyo mzazi anaona tozo yenye jina la ufundi inamsomesha zaidi aliyekwenda chuo kikuu, halafu anaambiwa mlete mwanao kwenye ufundi. Kwa kuangalia hela inakokwenda anajua serikali yenyewe inathamini wapi zaidi, na anampeleka mwanawe hukohuko. Mtu huyo ukimwita ana kasumba unamuonea.

Wenzetu Marekani wana mgogoro huuhuu, tena wa miaka mingi. Sheria yao ya kwanza ya pesa za serikali kuu kwa elimu ya ufundi ilipita 1917, na kwa miongo mingi mkondo huo ulikuwa ndo wanakosukumwa watoto wa maskini na watoto weusi, wazazi wao wakawa na shaka kama za wazazi wa hapa. Sheria wanayoitumia sasa, ya Perkins, ilihuishwa 2018. Pesa inatoka serikali kuu, kila jimbo linaandika mpango wake wa ufundi likikaa na waajiri na wazazi, asilimia 85 ya fungu la jimbo inatakiwa ishuke chini kwenye shule na vyuo, na kila baada ya miaka miwili wa chini wanapima upya ajira za eneo lao zikoje kabla ya kutumia. Hawajamaliza matatizo yao, ila uongozi umewekwa karibu na mahali penye kazi, na hela inaonekana inashuka.

Kwetu uamuzi mwingi ni wa Dodoma. Ninaelewa sababu, nchi ni moja, mtihani ni mmoja, na mikoa ikiachiwa kila mmoja na lake wenye hela watatangulia mbali. Lakini bandari yetu hapa imepanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429, kuna viwanda vya saruji, kuna mkonge, kuna matangi ya Chongoleani. Kijana wa Tanga anahitaji kujifunza kuendesha na kutengeneza mitambo ya bandari, umeme wa viwandani, kuchomelea kwa kiwango kinachopigwa picha. Akipewa ushonaji na useremala kwa sababu hiyo ndo fani yenye mwalimu na vifaa rahisi, mzazi wake ataona yaleyale ya 1975.

Muda nao si rafiki. Kwa utaratibu mpya shule ya msingi inaishia darasa la sita badala ya la saba. Waliokuwa darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka huohuo wanamaliza la saba waliokuwa darasa la nne, kwa hiyo Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea madarasa mawili kwa mpigo. Na 2027 hiyohiyo ndo kidato cha nne cha kwanza cha amali kinatoka. Madarasa ya kawaida yanaweza kuongezwa kwa tofali na bati za wananchi, tumeshafanya hivyo mara nyingi, lakini karakana yenye mashine na umeme wa fezi tatu haijengwi kwa michango ya kijiji, na wale wa kwanza wakitoka bila kuajirika basi wadogo zao wa 2028 hakuna mzazi atakayewaleta.

Kwa hiyo Bunge la bajeti likikaa, wabunge wetu wa mkoa huu waulize swali moja ambalo mzee wa Pangani na fundi wa Makorora wote wataelewa jibu lake: kati ya zile theluthi mbili za SDL, mwaka huu wa fedha ni shilingi ngapi zinahamia kwenye karakana za amali, na za Tanga ni ngapi?