Usonji: sindano ya miezi 18 na swali lisiloulizwa

Vijijini kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba hata Nachingwea, mtoto akifika miaka miwili bila kuongea, aghalabu husemwa kabemendwa, yaani mama alivunja mwiko wa ngono akinyonyesha, au ana udata, yaani ulimi ulioshikwa kwa chini. La kwanza humwangukia mama. La pili humalizwa kwa wembe chini ya ulimi. Usonji (autism) hutajwa baadaye sana, mwalimu wa awali akishashindwa naye.

Ni rahisi kuwalaumu wazazi. Lakini mama huyohuyo alimpeleka mtoto kliniki kuchomwa chanjo ya pili ya surua-rubela akiwa na miezi 18, umri uleule ambao dalili nyingi zinaonekana. Mtoto akapimwa uzito, akachomwa, wakaondoka. Kidole chake hakikuulizwa.

Na kidole kina mambo. Katika umri huo mtoto humnyooshea kidole mbuzi anayepita, kisha humgeukia mama kuhakikisha naye kamwona. Mwenye dalili za usonji anaweza kumshika mama mkono, akamvuta hadi kwenye ndoo ya maji bila kumtazama usoni, kana kwamba mkono ule ni kata ya kuchotea. Mama atasema, "Huyu anajua kuomba." Kweli anaomba, ila haonyeshi.

Dodoso la M-CHAT-R, la kubaini dalili za usonji kati ya miezi 16 na 30, lina maswali 20 ya namna hiyo, na kila jibu la kutia wasiwasi ni alama moja. Alama 3 hadi 7 zinadai maswali ya ufuatiliaji. Kuanzia 8, mtoto apelekwe kuchunguzwa.

Wanaosita kuliuliza kliniki siku ya chanjo wana hoja nzito. Foleni ni ndefu, muuguzi mmoja. Bibi anayelea huenda akajibu kwa Kimakonde. Dodoso hubaini wasiwasi tu, halithibitishi usonji, na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Nauli hutoka kwenye korosho. Kumwambia mkulima habari hiyo Februari, fedha ya msimu imeshakwisha, ni kumbebesha hofu tupu.

Hata hivyo, aulizwe. Hatua za mwanzo hazimsubiri bingwa: masikio yapimwe, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa, mlezi akae chini, uso kwa uso na mtoto, ataje anachokishika, asubiri kidogo kabla ya kumpa. Foleni ikibana, yatosha kuanza na matatu. Ananyoosha kidole kuonyesha? Anageuka akiitwa jina? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Hilo la mwisho likijibiwa ndiyo, apewe rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, siku hiyohiyo, bila kuhesabu alama.